Uliza Shangazi: Mwanangu hatulii, nifanyeje?

Toleo lililopita nilijibu kaswali kadogo ka mtoto asiyetulia darasani, kumbe nimegusa kidonda cha watu wengi. Meseji zimekuja kutoka Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu mpaka Urambo kule Tabora, na nyingine nimezisoma mara mbili mbili kwa sababu zinaumiza. Kwahiyo leo ukurasa wote nauacha kwa watoto hawa.

*

Shangazi shikamoo. Mi nauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi, nina mtoto wa kiume miaka 8 yuko la pili. Huyu mtoto hatulii kabisa. Nikimtuma chumvi anarudi mikono mitupu, hela hana chumvi hana, ukimuuliza anasema nimesahau, nimekuta watoto wanacheza. Shule naitwa kila wiki. Juzi nimemwambia akae aangalie dagaa kunguru wasile, nimeenda kuchota maji tu, kurudi kunguru wamejaa kwenye kichanja na yeye yuko ziwani anaogelea, peke yake Shangazi. Nilimchapa mpaka mkono ukaniuma, kesho yake karudia yale yale. Mama mkwe anasema ana jini, kapata mtu wa kumtoa anataka laki na nusu. Baba yake anasema mi ndo nimemdekeza. Saa zingine namwangalia nalia. Huu ni ugonjwa au ni nini?
*Mama wa Kibirizi, Kigoma*

Marahaba mwanangu, na pole, tena pole sana. Kwanza hiyo laki na nusu usiitoe. Dua mwombeeni, dua haina ubaya wowote, ila hela iweke, utaihitaji kwa nauli na vipimo.

Mtoto wako sijamuona, kwahiyo siwezi kukwambia ana hiki au kile, ila ulivyoelezea inafanana sana na hali wanayoiita ADHD, yani shida ya kutulia, kuzingatia na kujizuia. Mtaani watu wanasema mtoto yuko haipa, na hilo neno linadanganya kidogo kwa sababu mtu anadhani shida ni miguu tu, kukimbia na kupanda miti. Shida kubwa iko kwenye breki. Ubongo wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ndo unaomwambia mtu subiri, kumbuka ulichotumwa, maliza kwanza hiki. Kwa hawa watoto sehemu hiyo inakomaa kwa kuchelewa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupiga picha ubongo wa watoto kwa miaka mingi, wakakuta kiwango fulani cha ukomavu ambacho wenzao wanakifikia wakiwa na miaka kama 7 na nusu, wenye ADHD walikifikia kwenye miaka 10 na nusu. Ni kama miaka 3 nyuma, na haina maana kwamba hana akili, akili anaweza akawa nayo nyingi tu.

Sasa chukua hiyo miaka 3 uitumie kama kipimo cha nyumbani. Mwanao ana 8, ila kwenye kujizuia mhesabu kama wa 5. Je wa miaka 5 ungemwachia dagaa, kunguru na ziwa, ukaondoka? Usingemwachia. Na ungemkuta majini usingesema ana dharau, ungesema nimemwachia kazi iliyomzidi.

Na ile habari ya chumvi ngoja nikueleze inavyotokea. Anatoka mlangoni neno chumvi analo kichwani kabisa, wala hakudanganyi. Anafika kona anakuta mpira, mpira unaisukuma chumvi nje, na kwa sababu kile chumba cha kushikilia mambo ya sasa hivi kwake ni kidogo, chumvi haina pa kukaa. Akirudi unamchapa. Fimbo inamfundisha nini? Kwamba ukitumwa chumvi ulete chumvi. Hilo anajua! Alilijua tangu jana na juzi. Kinachomshinda ni kulishika lile analolijua pale pale kwenye kona, mpira ukiwa mbele yake, na fimbo inakuja nusu saa baadaye nyumbani wakati kona imeshapita. Ndo maana kesho anarudia, na wewe unaona kakudharau.

Kwahiyo msaada uupeleke kule kwenye kona. Hela ifunge kwenye kitambaa, kitambaa kifunge mkononi mwake, akikimbilia mpira anakiona. Mshike bega, muangaliane, mwambie kitu kimoja tu, sio chumvi na kiberiti na umsalimie mama fulani, alafu akurudishie kwa mdomo wake: nimetumwa nini? Aende anaimba chumvi chumvi kama anataka. Akirudi nayo, msifie hapo hapo kabla hata hujaipokea, umwambie umeenda na umerudi na chumvi, maana sifa ya jioni kwake imeshachelewa kama fimbo ilivyochelewa. Dagaa mpe dakika 10, mpe na kijiti cha kufukuzia kunguru ili mwili uwe na kazi, uje uone, umpe 10 nyingine. Ila ziwani hapo usiweke sheria ukaiamini. Hawa watoto wanaumia na kupata ajali kuliko wenzao kwa sababu wanaruka kabla ya kufikiri, kwahiyo awe na mtu mzima anayemuona kwa macho, kila siku, hata kama anajua kuogelea.

Kuhusu nani kasababisha. Mwambie baba yake kwamba kudekeza hakuleti ADHD, na sukari haileti ADHD pia, hiyo imeshapimwa sana. Kinachobeba uzito mkubwa ni kurithi, tafiti za mapacha zinaonyesha karibu robo tatu ya tofauti kati ya mtoto na mtoto kwenye jambo hili inatokana na vinasaba. Siku mama mkwe akiwa na raha muulize taratibu, hivi baba yake huyu utotoni alikuwaje? Sikuulizishi ili mlaumiane, ila mara nyingi jibu la hapo linatuliza nyumba nzima.

Alafu nenda hospitali, kwa sababu sio kila asiyetulia ana ADHD. Ili iitwe hivyo dalili ziwe zimekaa angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja, nyumbani na shule. Kama shule peke yake, angalia macho na masikio yake kwanza, au kuna anayemtesa huko. Mtoto asiyelala vizuri, mwenye upungufu wa damu, anayeona ngumi nyumbani, naye hatulii. Na sisi wa huku kwetu kuna swali lazima tujiulize: aliwahi kulazwa na malaria ya kupanda kichwani, au kupata degedege? Uganda waliwafuatilia watoto waliopona malaria hiyo, miaka 2 baadaye karibu 1 kati ya 4 alikuwa na shida ya kukumbuka, kufikiri au umakini. Mweleze daktari yote hayo. Anzia kituo cha afya, omba rufaa kwenda hospitali ya Maweni, ukifika ulizia huduma ya afya ya akili, na usiogope hilo jina, sio kwamba mtoto amekuwa kichaa. Wakiona inahitajika watakuelekeza hospitali ya Bugando, Mwanza. Beba madaftari yake na mwombe mwalimu akuandikie anachokiona darasani, hiyo karatasi ina thamani kuliko unavyofikiri.

*

Shangazi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu huku Kasulu, nina watoto 94 kwenye chumba kimoja. Wawili kati yao wananimaliza. Hawaandiki wakamaliza, wanaropoka majibu kabla sijamaliza swali, wanazunguka kwa wenzao. Nakiri fimbo nimetumia sana na haijasaidia. Nasikia wanasema mtoto wa namna hii anahitaji mwalimu wake peke yake, mimi nitampata wapi?
*Mwalimu, Kasulu*

Mwalimu mwenzangu, habari ni njema, na asante kwa kukiri, maana na mimi nina la kukiri.

Nilifundisha madarasa ya chini miaka mingi. Kuna kijana mmoja daftari lake lilikuwa na ugonjwa mmoja kila ukurasa: tarehe, kichwa cha habari, sentensi moja nzuri imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, basi, chini kote kweupe. Kila ukurasa. Nilimchapa kwa uvivu muhula mzima. Siku moja sijui ni uchovu sijui ni Mungu, nikachukua lile daftari nikakunja ukurasa mara mbili, ikabaki robo, nikamwambia nipe hii robo tu uniletee. Aliandika akaja mbio. Nikakunjua robo ya pili nikamwambia haya na hii. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, mara nne, na kengele ilipogonga ukurasa ulikuwa umejaa mpaka chini. Mtoto aliangalia ule ukurasa kama sio wake. Mimi nilienda ofisini nikakaa, kwa sababu nilikuwa najiuliza zile fimbo zote zilikuwa za nini.

Ukurasa mzima ulikuwa unamzidi, na ile kutembea kuja kwangu na kurudi ndo ilikuwa inampa pumzi.

Kwahiyo kwa watoto 94 sikwambii utafute mwalimu wa ziada, nakwambia mambo yasiyokula hela wala muda. Hao wawili waweke mbele karibu na wewe, mbali na dirisha na mlango, na wasikae pamoja. Kata kazi vipande. Maelekezo yawe mafupi, moja moja, ukiweza yaandike na ubaoni. Kila baada ya muda wape kazi ya mwili yenye heshima, kufuta ubao, kugawa madaftari, kupeleka ujumbe kwa mwalimu wa jirani, yani mtoto anasogea kwa ruhusa yako badala ya kusogea kwa kuiba. Wa kuropoka kubaliana naye alama ya siri, ukigusa sikio lako ajue asubiri, na akisubiri hata mara moja muonyeshe umeona. Sio siku zote itafanya kazi. Kuna siku itagoma kabisa, kesho unaanza tena.

Fimbo naomba niseme wazi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, kwa kosa kubwa la nidhamu, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Kutomaliza kuandika sio kosa kubwa la nidhamu. Kwahiyo fimbo nyingi tunazopiga darasani hata hizo kanuni hazizitambui, na watoto kama hao wawili wako ndo wanaozila kuliko wote kwa sababu ndo wanaokosea kila saa. Mtoto anayechapwa kila siku anaishia kuamini yeye ni mbaya, na hapo ndo anakuwa mtoro kweli.

Jambo la mwisho Mwalimu, fungua rejista uangalie tarehe zao za kuzaliwa. Kule British Columbia, Kanada, utafiti wa mwaka 2012 wa watoto zaidi ya laki 9 ulikuta wavulana waliozaliwa Desemba, yani wadogo kabisa darasani, walikuwa wameambiwa wana ADHD 30% zaidi kuliko wa Januari. Saa zingine mtoto hana tatizo lolote, ameandikishwa akiwa mdogo tu, anakaa na waliomzidi mwaka mzima.

*

Shangazi, kijana wangu ana miaka 9. Tulimpeleka Dar kwa daktari bingwa wakasema ADHD, kaandikiwa Ritalin. Nimerudi kijijini ndugu wananiambia nampa mtoto madawa ya kulevya, ataharibika. Nimeiweka kabatini hata sijaifungua. Nifanye nini?
*Baba, Urambo, Tabora*

Ndugu yangu, hofu yako naielewa na wala sio ya kijinga. Dawa yenyewe inaitwa methilifenideti, ilitengenezwa mwaka 1944 Uswisi na mkemia Leandro Panizzon, Ritalin ni jina alilolichukua kwa mke wake Marguerite aliyekuwa akiitwa Rita. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria kwa sababu wapo watu wazima wanaoitumia vibaya, hapo ndugu zako wana chembe ya ukweli. Ila mtoto mwenye ADHD akipewa kwa kipimo cha daktari haimlevyi, inaongeza dopamini, kemikali ya ubongo ya kupeleka ujumbe, pale kwenye breki, ile ya kawaida inafanya kazi kama masaa 4 alafu inaisha.

Inasaidia wengi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 1999, watoto 579 kwa miezi 14, ulikuta dawa inayosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, na waliopata vyote viwili walifanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya mambo ya nyumbani na shule. Ila dawa haimfundishi mtoto kusoma wala kupanga begi, inamfungulia dirisha la masaa machache ambalo wewe na mwalimu mnapitishia mafundisho. Ukimpa kidonge alafu mkaendelea kumgombeza vile vile, mmepoteza hela.

Madhara yapo na uyajue. Hamu ya kula inapungua, kwahiyo ale vizuri asubuhi kabla ya dawa na usiku chakula kiwe cha kutosha. Akinywa jioni usingizi utagoma. Uzito, urefu na presha vipimwe kila anaporudi kliniki, na kama kwenye ukoo kuna mtu mwenye ugonjwa wa moyo mwambie daktari kabla hujafungua hilo boksi. Mpigie, muulize na dawa utaipata wapi kila mwezi na kwa bei gani, maana kuanza alafu ikakatika sio vizuri. Kwa mtoto chini ya miaka 6 kwa kawaida wanaanza na kumfundisha mzazi, sio dawa. Na usije ukainunua kwa mtu mkononi.

Kwa kuwa uko Urambo nikuulize na hili, kijana anasaidia kuchuma tumbaku? Kama ndio mtoe. Majani mabichi yenye unyevu yanapitisha nikotini kwenye ngozi, yanaleta kichefuchefu na kukosa usingizi, na mtoto yeyote asiyelala hatulii.

*

Shangazi mdogo wangu wa kike ana miaka 13, ni mpole sana, hasumbui mtu. Lakini yuko kama hayupo. Anasoma ukurasa mmoja saa nzima, anapoteza kila kitu, mwaka huu kapoteza sweta tatu. Nyumbani wanamwita zezeta. Na hii yaweza kuwa hiyo hiyo?
*Dada mtu, Mwanga, Kigoma*

Inaweza kabisa, na nakushukuru umemuona. Kuna ADHD isiyo na fujo, mtoto amekaa kimya ila mawazo yametoka nje yanazunguka. Wasichana wengi wako huku, ndo maana wavulana wanapelekwa hospitali mara mbili tatu zaidi yao, kwa sababu msichana aliyetulia hamsumbui mwalimu. Hilo jina la zezeta lizuie nyumbani hata kwa ugomvi, we ni dada mtu, una sauti.

Angalia kitu kimoja kabla: akizubaa, ukimgusa bega anashtuka na kurudi? Kama hashtuki, yani kwa sekunde kadhaa macho yamekodoa au kope zinacheza, alafu anaendelea kama hakuna kilichotokea, basi waambie hospitali hivyo hivyo, kuna kifafa cha kuzubaa na matibabu yake ni mengine kabisa. Kwa sasa asome akiwa na wewe pembeni unafanya kazi zako, dakika 15, anasimama, anakuhadithia alichosoma, anarudi. Sweta andika jina na namba ya simu ya mama kwa ndani.

*

Mwanangu, mimi ni bibi wa Ujiji. Mjukuu wangu wanasema ana huo ugonjwa wa kutotulia. Mbona akikaa na babu yake kushona nyavu anakaa hata saa mbili hajanyanyuka? Mi naona anajifanyisha, shule hataki tu.
*Bibi, Ujiji*

Shikamoo Bibi. Umeuliza swali ambalo hata waliosoma wanalikosea.

Hajifanyishi, Bibi. Umakini anao, kinachomshinda ni kuuelekeza anapoambiwa. Kwenye wavu kila fundo likikazwa analiona limekaza, mikono ina kazi, babu yuko pembeni, na akikosea tundu linajionyesha hapo hapo. Daftarini anaandika leo anasahihishiwa keshokutwa, ameketi, mikono haina cha kushika ila kalamu. Ubongo wake unawashwa na kile anachokipenda na kinachojibu haraka. Kwahiyo zile saa mbili za wavu sio ushahidi wa uvivu, zinatuonyesha njia anayofundishika.

Hesabu afanyie hapo hapo. Matundu mangapi mstari huu, mistari 6 itakuwa mangapi, uzi umebaki pima ngapi, tukigawa kwa siku 4 kila siku tushone kiasi gani. Babu aulize, yeye ajibu huku anashona, akipata aandike kwenye karatasi mstari mmoja.

Na mwalimu wake akipita hapo nyumbani, Bibi, kabla hamjaongea chochote mtandikie huo wavu auone.